Kompyuta ya Vyumba Vitatu

Nyaguthii alikuwa na kompyuta moja, lakini ukimuuliza angekwambia ana tatu, na hakuwa mwongo. Pale kwenye kibanda chake cha kudarizi, nyuma ya soko la Kitale, alikuwa akibonyeza kitufe, mashine ikakohoa, ikanguruma, halafu kabla ya kufanya lolote ikamuuliza: leo unaingia wapi? Kioo kilikuwa cheusi, na katikati mistari mitatu myeupe. Kila mstari ulikuwa mfumo mzima wa kompyuta, wenye akili yake, rangi zake na adabu zake. Asipojibu kwa muda wa kumeza mate, mashine ilijichagulia mstari wa juu na maisha yakaendelea.

Mstari wa juu ulikuwa Windows mpya, ya wateja: mama anayetaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kijana wa boda anayetafuta leseni, chama cha kina mama kinachotaka barua ichapwe na isiwe na makosa. Wa pili ulikuwa Windows ya zamani, ya enzi za televisheni zenye kisogo, na iliachwa humo kwa ajili ya mashine ya kudarizi peke yake. Mashine hiyo Nyaguthii aliinunua ikiwa imeshatumika, na ilikuwa na kiburi cha wazee, haisikii amri za vijana. Ukiiletea nembo ya shule kutoka mfumo mpya, ilinyamaza. Ukiiletea kutoka mfumo wa zamani, sindano zilianza kucheza, na kifuani pa sweta pakatokea mwenge, kitabu na maneno ya Kilatini ambayo hata mwalimu mkuu hakujua maana yake. Mstari wa tatu, wa chini kabisa, ulikuwa Linux, na huo ulikuwa wa mumewe, Bramwel.

Wao wenyewe waliiita mifumo hiyo vyumba.

"Kila moja iko na mlango yake," Bramwel alimweleza siku alipoviweka. "Ukiwa ndani ya hii, huwezi ona mwenye ako kwa ile ingine amepika nini. Disk ni moja, bana, lakini kuna ukuta."

"Na wewe utakaa kwa gani?"

"Ya mwisho. Mimi sina wageni."

Bramwel alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari upande wa Bungoma, na kwao ni Kamukuywa. Mara ya kwanza alikuja Kitale kuleta nembo ya shule yake ishonwe kwenye masweta, akamkuta Nyaguthii ameshika kichwa mbele ya kompyuta mbili kuukuu, kila moja ikiwa na nusu ya anachohitaji na hakuna iliyo na yote. Akakaa. Akafungua, akachomoa, akapachika, akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, hata majirani wakaanza kuuliza hiyo kompyuta inaumwa ugonjwa gani usiopona. Wanaume wengine huanza posa kwa mbuzi. Huyu alianza kwa kupanga mifumo mitatu kwenye disk moja, na mbuzi wakafuata baadaye, wanono, hadi kwa wazee wa Nyaguthii kule Kachibora. Waliooana hivyo hukaa hivyo: yeye Bungoma kwa kazi, mkewe Kitale kwa biashara, na Jumamosi na Jumapili pamoja.

Nyaguthii alikuwa mtu wa kuota macho wazi. Mvua ya Kitale hupenda kuja baada ya chakula cha mchana, bila haraka, ikitokea upande wa Mlima Elgon, na ikishafika hakuna mteja atakayekanyaga tope kwa ajili ya nembo. Saa hizo alizima kompyuta na kuiwasha tena, si kwa kazi, ila apate kuuona ule ukurasa mweusi wa kuuliza. Alipenda kitambo kile. Mashine ilikuwa imeamka lakini haijawa kitu chochote bado. Alifikiri kwamba hata yeye, asubuhi, kabla macho hayajafunguka sawasawa, kuna mahali hapo katikati ambapo bado hajawa binti wa Kachibora, wala mke wa watu wa Kamukuywa, wala fundi wa Kitale. Amelala tu kwenye giza lenye mistari mitatu. Kisha mashine ilichoka kumngoja, ikafungua mfumo wa wateja, naye akainuka kupiga pasi masweta.

Chumba cha Bramwel hakuingia. Hakukatazwa, ila hakuwa na shughuli huko. Jumamosi alimwona mumewe ameketi humo na visikilizio masikioni, amefumba macho, mara anatabasamu, mara anakunja uso. Alidhani ni mambo ya masomo. Mwanamume akifumba macho na kutabasamu peke yake, mke mwerevu humletea chai na kwenda zake.

Hapa nitakuambia jambo ambalo Nyaguthii hakulijua. Bramwel alikuwa akimsikiliza baba yake.

Mzee Mukhwana alikuwa afisa wa kilimo mstaafu, mrefu, mwenye kofia, anayejua mashamba ya Kamukuywa kama wengine wanavyojua watoto wao. Na alikuwa mtu wa kushika mila. Kwa Wabukusu wa rika lake, baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawali meza moja, wala hawazungumzi ana kwa ana. Ni heshima, si chuki, lakini umweleze hivyo bibi harusi aliyelelewa Kachibora, ambako baba mkwe wa dada yake hutaniana naye hadi chai inapoa! Nyaguthii angekuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwa mzee, na mzee angeugeukia mlango na kuuliza, "Nasambu, huyu mtoto wa watu amekura?"

Nasambu, mama mkwe, alimgeukia Nyaguthii. "Unaulizwa kama umekura."

"Nimekula, mama."

"Amekura," Nasambu aliuambia mlango.

Nyaguthii aliizoea, hata akaisimulia kwao wakacheka. Lakini ilimuuma. Mzee alifariki mwaka uliopita, na katika miaka yote ile hakuwahi kumwambia neno moja lililokuwa lake yeye, lililotoka kinywani kwake likaja moja kwa moja. Nyaguthii alisimama penye jeneza akilia na huku akijiuliza kama mtu yule alimpenda au alimvumilia tu.

Kumbe kabla ya kufa, kila likizo, Bramwel alikuwa akimketisha baba yake sebuleni na kumrekodi. Mzee alisimulia habari za mbegu, za mito, za watu waliokwisha kusahauliwa. Sauti zote Bramwel alizitunza kwenye chumba chake cha Linux, na hakumwambia mkewe, kwa kuwa aliona si adabu mkwe kumsikia mzee akikohoa na kucheka kuhusu ujana wake. Nakala ya pili hakuweka popote. Kila wiki aliwaambia wanafunzi wake watunze kazi zao mahali pawili, lakini mganga hajigangi. Na sasa Agosti ilikuwa imekaribia, kaburi la mzee lijengewe saruji na ibada ya kumkumbuka ifanywe, na Bramwel alikuwa amemwahidi mama yake kwamba siku hiyo atamsikia mumewe tena. Nyaguthii alijua kuhusu ahadi hiyo. Alidhani ni vipande viwili vitatu vya sauti vilivyo kwenye simu.

Yeye naye alikuwa na lake la kuandaa. Alitaka kudarizi kitambaa cha kufunika meza ya ibada, kikubwa, chenye mahindi pembeni na jina la mzee katikati. Alipokuwa akipunguza picha kwenye mfumo mpya, kompyuta ikamlalamikia kwamba nafasi imekwisha. Akafungua sehemu inayoonyesha disk ilivyogawanywa. Akaona pande moja kubwa, kubwa kuliko lake mwenyewe, limekaa bila jina na bila alama. Akaligusa. Mfumo ukamwambia kwamba pande hili haliwezi kutumika mpaka lifomatiwe, yaani liandaliwe upya, je, ungependa kulifomati? Haukumdanganya. Ulisema ulichokiona, na haukuona kitu, kwa sababu haukuijua lugha ya chumba kile.

Mtu mwingine angesita. Lakini Nyaguthii ni mjukuu wa Kiragu, aliyetoka Nyeri na jembe na blanketi, akanunua ekari zake Kachibora kwa jasho, na katika nyumba hiyo kipande cha ardhi kukaa bure ni aibu ya ukoo. Mama yake, Tabby, hupanda maharagwe hadi kwenye ukingo wa barabara ya serikali. Nyaguthii alipoona pande lile limelala bila hata jani, mkono ukafanya kile ulichofunzwa. Akabonyeza ndiyo. Ikawa safi, pana, tupu. Alifurahi kama mtu aliyepata shamba la bure, akahamishia humo picha zote za nembo alizowahi kushona, akazima, akaenda nyumbani akiimba moyoni.

Asubuhi yake aliwasha, mashine ikakohoa, ikanguruma, na haikuuliza kitu. Mistari mitatu haikuwepo. Palikuwa na sentensi moja fupi kwamba pande hili halitambuliki, na chini yake neno la kuomba uokozi, na kijistari kinachopepesa kikingoja mtu ajibu.

Jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza ni kwamba ule ukurasa wa kuuliza ulikuwa umejengwa ndani ya chumba cha Bramwel. Mfumo wa wateja na mfumo wa zamani ilikuwa salama, kila mmoja nyuma ya ukuta wake, lakini njia ya kuingilia ilipitia kwake. Aliyekibomoa chumba cha mwisho alikuwa ameubomoa na mlango wa mbele. Nyaguthii akampigia simu mumewe.

"Bramwel, kompyuta imekataa kuwaka."

"Inasema nini?"

Akamsomea.

"Jana ulifanya nini?"

Akamweleza, kwa furaha kidogo bado, habari za pande lile kubwa.

"Ati ulibonyeza yes?"

"Si ilikuwa tupu? Yenyewe ilisema haina kitu."

Upande wa pili Nyaguthii akasikia kengele ya shule na wanafunzi wakitoka madarasani.

"Haikuwa tupu, Nyaguthii."

"Kulikuwa na nini?"

"Baba."

Akamweleza yote, pale pale, kwa sauti ya mtu anayesoma. Kisha akasema, "Usiiguse. Usijaribu kuiwasha tena hata kidogo. Chomoa kwa stima, uilete Kamukuywa." Hakumfokea. Nyaguthii alitamani afokewe, maana aliyefokewa hupata pa kujitetea. Alifunga kibanda, akaketi kati ya masweta, akalia kwa aibu na kwa huruma. Mzee hakuwahi kumwambia neno, na yeye ndiye aliyemnyamazisha.

Kipkemboi, jirani yake wa sokoni, alikuwa na pikapu ya kupeleka kabichi Bungoma. Nyaguthii akachomoa sanduku la kompyuta, akalifunga kwa shali, akalipakata njia nzima, na Kipkemboi, mtu wa maneno mengi, alimtazama mara moja tu akaizima redio. Mahindi yalikuwa marefu pande zote za barabara. Alishuka Kamukuywa na kutembea hadi nyumbani kwa Nasambu, na huko nyuma ya migomba akamwona fundi amechanganya saruji kando ya kaburi.

Bramwel alikuja jioni, shule zikiwa zimefungwa siku hiyo kwa likizo. Alimsalimia mkewe, akamshika bega, lakini hakumtazama usoni. Alipokuwa akichomoa disk, Nyaguthii alimuuliza kama kuna tumaini.

"Kufomati hivyo si kuchoma," Bramwel alisema. "Ni kama mtu amekuja akang'oa mawe ya mipaka, akachana ramani, akasema hii shamba ni mpya. Lakini mabua ya mwaka jana si bado yako kwa udongo? Tunaweza yaokota. Shida ni pale ulishapanda."

"Nilipanda nembo."

"Basi pale penye nembo, baba hayuko."

Ukurasa wa kuuliza aliurudisha kwa muda wa kunywa chai. Mlango si kazi. Kazi ilikuwa kilichokuwa ndani. Aliiunganisha ile disk na kompyuta yake ndogo, akaianzisha programu ya kupekua, nayo ikatembea juu ya disk toka mwanzo hadi mwisho, polepole, ikiokota kila kinachofanana na sauti. Ilipomaliza, vilikuja vipande mamia, na hakuna hata kimoja chenye jina wala tarehe. Nambari tupu. Humo kulikuwa na kwaya, masomo ya darasani, milio ya mashine yenyewe, na mahali fulani katikati ya vyote hivyo, mzee Mukhwana. Njia ilikuwa moja tu: mtu aketi asikilize vyote.

Bramwel alianza. Kipande cha tatu kilifunguka kwa kikohozi. Kikohozi tu, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Bramwel akavua visikilizio, akaviweka mezani taratibu, akatoka nje akaenda kusimama kwa fundi wa saruji, na hakurudi mpaka giza.

"Nitasikiliza mimi," Nyaguthii alimwambia.

Lakini kwanza alikwenda jikoni kuomba ruhusa. Nasambu alikuwa akichambua kunde.

"Mama, ni mimi niliharibu. Nataka kusikiliza sauti za mzee nizitenganishe. Lakini mimi ni mkwe. Sijui kama inafaa."

Nasambu hakuinua macho. "Mkwe hakai na yeye meza moja. Nani alisema hawezi kumsikiriza?" Akatupa bua la kunde. "Wewe ndio umemtoa kwa nyumba. Wewe umrudishe. Na umrudishe mzima, mama. Mimi nimengoja hiyo siku."

Basi Nyaguthii akaketi sebuleni, kando ya dirisha, na mvua ya Kamukuywa ikanyesha alasiri baada ya alasiri. Alivaa visikilizio, na kwa mara ya kwanza mzee Mukhwana akazungumza naye bila mlango. Alikuwa na sauti ya chini, yenye vumbi kidogo, na alisema kana kwamba anamwegemea sikioni. Alieleza kwamba hindi la mbegu halichukuliwi ukingoni mwa shamba bali katikati, ambako upepo wa jirani haufiki. Alisimulia jinsi alivyoendesha baiskeli hadi hospitali ya misheni ya Lugulu siku Bramwel alipozaliwa, kuku amefungwa kwenye usukani, na kuku akataga yai njiani, na yeye akasimama kando ya barabara katika hali ile yote akijiuliza yai ni la nani. Alicheka mwenyewe kicheko chembamba cha mtoto. Nyaguthii naye akacheka, kwa sauti, peke yake sebuleni, na Nasambu kule jikoni aliacha kupepeta kidogo, kisha akaendelea.

Vingine vilikatika. Mzee angekuwa katikati ya neno, anataja jina la mtu, na hapo hapo likaja jangwa. Nyaguthii alijua ni nembo zake zilizolala pale. Kila kilipokatika alisema samahani, si kwa mtu yeyote.

Sauti ile ilimwingia. Akifumba macho kidogo kwenye kiti, aliona nyumba yenye vyumba vitatu, kama nyumba ya Nasambu lakini ndefu zaidi, na mzee na kofia yake akipita toka chumba hadi chumba amebeba mahindi ya mbegu mikononi. Alimpita Nyaguthii bila kugeuka, kama mila inavyotaka. Lakini akifika karibu naye alipunguza mwendo. Nyaguthii aliamka akiwa na hamu ya kurudi kule, akabonyeza kipande kinachofuata.

Siku ya mwisho vilikuwa vimebaki vichache. Sehemu kubwa ya mzee ilikuwa imepatikana, ya kutosha siku ya ibada na zaidi, na Nasambu alikuwa ameshaambiwa. Nyaguthii alikuwa akifanya haraka sasa: chenye mzee anakiweka upande huu, kisicho na mzee anakifuta. Akafika kwenye kipande kimoja kirefu ambacho hakikuwa na neno. Mvumo tu, wa chumba chenye watu wasiosema. Akangoja. Akasogeza mbele kidogo, mvumo ule ule. Kidole kikawa tayari kwenye kitufe cha kufuta.

Kitu kililia kwa mbali. Sufuria, na maji yanamwagwa. Kisha mwanamke anaimba. Alikuwa mbali, nje ya nyumba, maneno hayakusikika vizuri, na kwa muda Nyaguthii alijiuliza ni nani huyo aliyeingilia kazi ya mzee. Ilimchukua kitambo kujitambua. Ilikuwa Krismasi yake ya kwanza pale nyumbani, bibi harusi mgeni, anaosha vyombo nyuma ya jikoni na kuimba kwa Kikuyu wimbo wa mama yake, akidhani hakuna anayemsikia.

Karibu na mashine, sauti ya Bramwel ikasema, "Baba, endelea. Ulikuwa unasema ya mbegu."

"Nyamaza kwanza," mzee akasema. "Acha amarize."

Na akanyamaza. Wote wawili wakanyamaza. Wimbo ulikuwa mrefu, na yule bibi harusi aliurudia ubeti wa mwisho, kwa kuwa vyombo vilikuwa bado, na katika muda wote huo hakuna aliyekohoa. Ulipoisha, kiti kililia.

"Hiyo wimbo inasema nini?"

"Sijui, Baba. Ni ya kwao."

"Hujui? Umereta mtu hapa kwa nyumba, na hujui chenye anaimba?"

Bramwel alisikika akicheka kicheko cha mtu aliyeshikwa.

"Umuulize," mzee akasema. "Mimi siwezi kumuuliza, unajua. Wewe umuulize, uniambie."

Kipande kikaishia hapo. Nyaguthii alikaa bila kusogea, mikono juu ya meza. Kisha akamwita mumewe, na Bramwel akaja na saruji kwenye viatu, akidhani kuna kilichoharibika tena. Nyaguthii akachomoa visikilizio ili sauti ijae chumba, akakianza kile kipande tangu mwanzo, tangu pale penye mvumo. Bramwel alisikiliza amesimama. Wimbo ulipoanza akaketi. Mzee aliposema uniambie, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Sikukuuliza," alisema baadaye. "Nilisahau. Nilisahau kabisa."

"Hukuniuliza."

Mvua ilikuwa imekatika. Nje, fundi alikuwa akikwangua mwiko wake, na Nasambu amesimama mlangoni mwa jikoni na ungo mkononi, hakuingia wala hakuondoka.

"Inasema nini?" Bramwel akauliza.

Nyaguthii akamweleza. Ni habari za msichana aliyetumwa maji akachelewa mtoni kwa ajili ya kusikiliza ndege, na mama yake hakukasirika, alimwekea chakula karibu na moto na kuacha mlango wazi. Aliusema mstari kwa mstari, na mahali Kiswahili kilipokataa aliimba kwanza kwa Kikuyu kisha akatafuta neno. Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyeketi kando yake, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, na kaburi haliko mbali.